Namna ya Kuripoti Hitilafu ya Injini kama Suala la Usalama

Malalamiko mengi kuhusu injini huandikwa kama madai ya fedha: gari halina muda mrefu, injini imekufa, na mwenye gari anataka kujua nani atalipa. Madai hayo ni ya haki, lakini mamlaka ya usalama wa magari haikuundwa kumrudishia mtu fedha zake. Kinachoishughulisha ni kile ambacho hitilafu hiyo inamfanyia dereva, abiria na watu walio karibu gari likiwa kwenye mwendo, na ripoti isiyolieleza hilo ni rahisi kuwekwa kando.

Tofauti hiyo imegharimu maisha. Katika baadhi ya magari madogo ya General Motors, swichi ya ufunguo ilikuwa legevu kiasi kwamba ufunguo uliweza kurudi nyuma wenyewe. Injini ilizimika njiani, usukani na breki vikapoteza msaada wa nguvu, na mifuko ya hewa haikufunguka katika ajali. Ndani ya kampuni, kuzimika huko kulihesabiwa kwa miaka kadhaa kuwa usumbufu kwa mteja, wala si hatari. Magari hayo yalianza kuitwa yarekebishwe mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Hatua ya kwanza: pambanua hatari

Dalili zinazostahili kuripotiwa kama suala la usalama ni injini kuzimika au kukwama kwenye mwendo, nguvu kupotea ghafla, kasi kupanda bila dereva kukanyaga mafuta, petroli au oili kuvujia kwenye sehemu zenye joto kali, pamoja na moshi na moto. Injini inayokula oili kupita kiasi huonekana kuwa kero ya mfuko tu, lakini oili ikipungua mno beringi za rodi (vyuma vinavyoshika pistoni) husagika, rodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, na oili inayomwagikia ekzosi inaweza kuwaka. Vilevile, injini ikizimika, breki hubakiwa na msaada wa kutosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu. Mambo haya yaandikwe waziwazi, kwa sababu hayo ndiyo yanayoifanya hitilafu kuwa hatari.

Hatua ya pili: acha kuliendesha gari na utunze ushahidi

Usirudi barabarani ili kuona kama hitilafu itajirudia. Piga picha ya dashibodi ikionyesha taa za onyo na kilomita, na uandike siku hiyo hiyo kasi, hali ya barabara na muda ambao injini ilikuwa imewaka. Mwombe fundi asome misimbo ya makosa, yaani alama ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapogundua hitilafu, na akupe nakala kabla ya kuifuta, kwani kuifuta huondoa pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea. Msimbo P0300, kwa mfano, huonyesha kwamba silinda zinakosa kuchoma mafuta bila mpangilio maalumu. Vipuri vilivyotolewa ni mali ya ushahidi, kwa hiyo viombwe na vihifadhiwe, na injini isifunguliwe kabla hali yake haijaandikwa na kupigwa picha.

Hatua ya tatu: tafuta namba ya chesi

Magari mengi yana namba yenye herufi na tarakimu 17, isiyotumia kamwe herufi I, O wala Q. Iandike kwa uangalifu, kisha uitumie kukagua kama gari lako tayari limeitwa kurekebishwa.

Hatua ya nne: andika maelezo

Sentensi kama "injini ni mbovu tangu mwanzo" haimsaidii mchunguzi. Linganisha na hii: "Nilikuwa kwenye kasi ya kilomita 90 kwa saa katika njia ya katikati, injini ilizimika bila taa yoyote kuwaka, usukani ukawa mzito, na lori lililokuwa nyuma lililazimika kukwepa." Tenganisha ulichokiona na unachokidhania, na maoni ya fundi yaandikwe kuwa ni maoni ya fundi.

Hatua ya tano: peleka kote kuwili

Mtengenezaji apate ripoti, na mamlaka ipate yake moja kwa moja. Nchini Marekani ni NHTSA, na Uingereza ni DVSA. Tunza namba ya kumbukumbu, na tukio likijirudia liongezwe kwenye ripoti ile ile.

Maswali ya wasomaji

Swali: Ndugu mwandishi, hakuna aliyeumia. Je, niripoti?

Jibu: Ndiyo, ndugu. Wachunguzi hutafuta hitilafu inayofanana katika magari mengi, na ripoti yako inaweza kuwa ile inayokamilisha picha kabla mtu hajaumia.

Swali: Niliwahi kuchelewesha sevisi, na wakala anasema kosa ni langu.

Jibu: Sema ukweli kuhusu sevisi hiyo na uambatishe risiti zote ulizo nazo. Suala la nani alipe ni mgogoro wako na wakala. Halikuzuii kueleza hatari uliyoikuta barabarani.

Swali: Gari langu lilitumika kwanza Japani, na namba yake ni fupi. Nimeibiwa?

Jibu: Hapana. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi ya chesi. Ikague kwenye tovuti ya mtengenezaji nchini Japani, na uiandike hivyo hivyo katika ripoti.

Swali: Mimi ni mfanyakazi wa kampuni ya magari na ninaijua kasoro inayofichwa. Nifanye nini?

Jibu: Zungumza na wakili kwanza, kabla hujachukua waraka wowote wa kampuni. Baadhi ya nchi huwalinda watoa taarifa, na Marekani huweza hata kuwatuza: Novemba 2021, NHTSA ilitangaza kumpa mtoa taarifa zaidi ya dola milioni 24 kwa taarifa zilizohusu Hyundai na Kia, kampuni ambazo zilikuwa zimechunguzwa kuhusu injini zao.