Kuanza Kutenganisha Taka Nyumbani: Mwongozo kwa Kaya za Kisumu

Kaya inayotaka kuanza urejelezaji wa taka haihitaji kununua mapipa ya rangi mbalimbali. Inahitaji kwanza kufungua gunia la taka za wiki nzima na kutazama kilichomo. Katika nyumba nyingi za Kisumu, utakuta maganda ya ndizi na viazi, mashina ya sukuma wiki, makoko ya ugali na majani ya chai, na unyevu wa vitu hivyo ndio unaoharibu vingine vyote, kwa kuwa katoni iliyolowa mchuzi hainunuliki tena. Kwa miaka mingi jaa la Kachok lilipokea taka zikiwa zimekwisha kuchanganyika namna hiyo. Kazi ya kwanza, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kutenga taka mbichi na taka kavu tangu jikoni, jambo ambalo pia linatakiwa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022.

Weka ndoo yenye kifuniko karibu na mahali pa kupikia, na gunia la taka kavu mbali kidogo. Anza na vyombo hivyo viwili tu, mpaka kila mtu nyumbani, pamoja na watoto na msaidizi wa kazi, awe amezoea.

Taka mbichi hugeuzwa kuwa mboji. Mwaka wangu wa kwanza nilichimba shimo, nalo likajaa maji katika mvua za Aprili na kunuka vibaya. Tangu hapo nashauri lundo lijengwe juu ya ardhi, mahali palipoinuka, hasa kwa wanaoishi sehemu za chini kama Nyalenda. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite, kisha weka kwa kupokezana tabaka la taka za jikoni na tabaka nene zaidi la majani makavu au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, na ufunike lote kwa gunia. Ukifinya konzi ya mboji, iache unyevu mkononi bila kuchuruzika. Ikichuruzika, ongeza majani makavu. Pindua lundo kila baada ya wiki moja au mbili. Majivu ya jiko yatiwe kidogo sana, na vichwa na miiba ya samaki visitiwe, kwani huvuta panya na mbwa. Baada ya miezi mitatu hivi, mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua, tayari kwa bustani ya mboga. Asiye na uwanja anaweza kumpa jirani mwenye shamba au mifugo ndoo yake.

Kwa taka kavu, zungumza na mnunuzi kabla ya kuanza kukusanya, kwa sababu si kila plastiki ina soko. Aina ya plastiki huonyeshwa na tarakimu: chupa za maji na soda huwa na tarakimu 1 ndani ya pembetatu, na mitungi mingi ya plastiki ngumu huwa na tarakimu 2. Zisuuze kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, uzibonyeze na uziweke pamoja. Katoni zikunjuliwe na zihifadhiwe pakavu. Mikebe na vipande vya chuma huchukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu, ambao hulipa kwa kilo. Plastiki isichomwe kamwe uani, kwa kuwa moshi wake una sumu na huingia moja kwa moja katika vifua vya watoto.

Betri na balbu ziwekwe katika chombo chao, mbali na watoto na mbali na lundo la mboji. Nepi zilizotumika hazirejelezwi. Zifunge vizuri na umkabidhi mzoa taka. Kabla ya kumlipa mzoa taka huyo, muulize kama mifuko ya taka mbichi na kavu uliyoitenga itabaki mbalimbali katika mkokoteni wake. Ikiwa itachanganywa, mpe mifuko ya taka zisizo na soko tu, na zile kavu zilizo safi mpelekee mnunuzi mwenyewe.