Gari la mkononi limeanza kusumbua: pima kwanza, spea baadaye

Magari mengi yanayoletwa kwangu baada ya kununuliwa mkononi au kwenye yadi huja yakiwa yameshabadilishwa vitu kibao. Plagi mpya, koili mpya, pampu ya mafuta mpya, na injini bado inamisi, yaani silinda nyingine haichomi mafuta sawasawa. Mwenye gari kaishiwa hela na hakuna aliyemwambia gari linaumwa nini. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo lenyewe lilikuwa dogo.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Toyota IST toleo la kwanza yenye injini ya 1NZ-FE, kwa kuwa imejaa barabarani hapa Dar na kila fundi anaijua. Ukiwa na Premio, Noah au X-Trail, mpangilio ni uleule: hela ya kwanza iende kwenye kupima, inayofuata kwenye kinachoweza kuua injini au kuua watu, halafu makelele mengine yatasubiri zamu yao.

Hatua ya 1: Jua wakati wa kuzima injini

Taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili ikiwaka ukiwa unatembea, egesha na uzime hapohapo. Usiseme nafika tu hapo mbele. Presha ya oili ikipotea, chuma kinasuguana na chuma, na dakika chache zinatosha kuimaliza injini.

Joto likipanda, zima AC, egesha, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka paipu ya juu ya rejeta ishikike kwa mkono bila kukuunguza, na usimwagie maji baridi injini iliyochemka. Toyota ndogo kama Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Ile nyekundu ikiwaka, joto limeshavuka mpaka, kwa hiyo hakuna muda wa kujadiliana nayo.

Taa ya injini ya rangi ya chungwa ikiwaka tu bila kupepesa, na gari linatembea vizuri, unaweza kufika nalo gereji taratibu. Ikipepesa, injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaingia kwenye silensa na kuharibu kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama.

Hatua ya 2: Andika dalili kabla ya kumwona fundi

Chukua daftari au simu. Tatizo linatokea injini ikiwa baridi au ya moto? Kwenye foleni au mwendo mkubwa? AC ikiwa imewashwa? Baada ya kujaza mafuta? Mlio uurekodi kwa simu, maana magari yana tabia ya kunyamaza yakifika gereji.

Maelezo haya yanaokoa hela kweli. Chukua gari linalochemsha. Kama linachemsha kwenye foleni ya Buguruni lakini ukienda nalo Chalinze halisumbui, naanza na feni: mota yake, fyuzi, rilei na swichi ya joto. Barabarani upepo unapoza rejeta wenyewe, kwenye foleni kazi yote ni ya feni. Kama ni kinyume chake, foleni sawa lakini likipanda mlima au likikimbia joto linapaa, nafikiria rejeta iliyoziba, wota pampu iliyochoka au themostati isiyofunguka, ile valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto. Gari moja, malalamiko yaleyale ya kuchemsha, na spea tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Soma historia iliyobandikwa kwenye gari

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo na pembeni mwa mlango. Magari mengi kutoka Japani yana stika za kubadilisha oili zenye tarehe na kilomita. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya Kijapani, kama ni Heisei jumlisha 1988, kama ni Reiwa jumlisha 2018. Heisei 30 ni mwaka 2018, Reiwa 3 ni mwaka 2021. Stika ikisema gari lilikuwa na kilomita 140,000 mwaka 2018 na leo dashibodi inakuonyesha 92,000, umeshajua kwamba kilomita zimerudishwa nyuma, na hesabu zako zote za sevisi zianze upya.

Ndani ya boneti tafuta pia stika ya mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu kwa kufuata mwendo wa pistoni. IST yenye 1NZ-FE inatumia cheni, kwa hiyo hilo halikuhusu. Lakini Mark II yenye 1G-FE au Subaru yenye EJ20 zinatumia mkanda, na ule hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama huna ushahidi kwamba umebadilishwa, ubadilishe. Kwenye EJ20 ukikatika, valvu zinaweza kugonga pistoni, na hapo tutakuwa tunaongelea injini nyingine.

Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne ndani ya umbo la yai, ubavuni mwa tairi. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, zinaonekana mpya.

Hatua ya 4: Oili, maji na haidroliki

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu wauzaji wengi hawajagusa vitu hivi muda mrefu, au wamevigusa vibaya.

Oili: egesha mahali pa tambarare, zima, subiri dakika chache, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena. Angalia na chini ya mfuniko wa kujazia. Ute mwingi kama maziwa unaashiria maji kuingia kwenye oili. Ute kidogo kwenye mfuniko pekee, kwa gari la safari fupifupi, unaweza kuwa unyevunyevu tu, kwa hiyo usikubali hedi, yaani kichwa cha injini, ifunguliwe kwa ushahidi huo peke yake. Kisha mwaga oili yote na uweke mpya na filta mpya. 1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Andika kilomita, na kila baada ya kilomita 500 pima tena kwenye kijiti. Hapo utajua kama injini inakula oili na kwa kiasi gani, bila kutegemea maneno ya mtu.

Maji ya rejeta: fungua asubuhi, injini ikiwa baridi. Rangi ya kutu maana yake watu wamekuwa wakijaza maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Safisha mfumo, weka kulanti. Na hapa uliza swali ambalo wengi hawaulizi: themostati ipo? Mafundi wengi wakikuta gari linachemsha wanaing'oa na kuitupa. Themostati ya Toyota nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiondolewa, injini inachelewa kufika joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kama vile gari limewashwa sasa hivi, na wewe unalalamika IST inakunywa kama Land Cruiser. Aliyeiondoa hakutibu ugonjwa, kauficha tu. Irudishe, halafu tafuta sababu ya kuchemsha.

Haidroliki ya gia boksi: gia boksi ya otomatiki ya kawaida kwenye IST hii inatumia aina ya T-IV. Gia boksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, kama zile za Nissan nyingi, zina oili yake maalumu. Ukijaza haidroliki nyekundu ya kawaida kwenye CVT, unaiua. Asiyejua gari lako lina gia boksi gani asiruhusiwe kuongeza chochote humo.

Hatua ya 5: Pima betri kabla ya kusoma kompyuta

Multimita ya bei rahisi inatosha. Gari likiwa limezimwa muda mrefu, betri nzima yenye chaji inasoma kama volti 12.6. Injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13, anza na oltaneta, inayochaji betri, na mkanda wake. Umeme ukiwa mdogo, sensa zinatuma taarifa za ajabu na kompyuta inalaumu vitu ambavyo havina kosa.

Hatua ya 6: Namba za hitilafu, na namna ya kuzijaribu

Kwanza washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime ukishawasha injini. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaikata ili isikushtue wakati wa kununua.

Fundi akishapima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, piga picha namba zote za hitilafu kabla hajazifuta. Namba inakuonyesha eneo la tatizo; haikuambii ununue nini. Tuseme imetoka P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi. Chomoa koili ya silinda ya kwanza, badilishana na ya pili, futa namba, endesha. Ikirudi P0302, tatizo limehama na koili, basi nunua koili moja. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Angalia plagi, kisha nozeli, kisha pima mgandamizo wa silinda, yaani presha inayojengwa ndani yake. Zoezi hili halichukui muda na linakuepusha kununua koili nne.

P0420, ile ya kataliti, isikukimbize dukani. Kwanza hakikisha injini haimisi na silensa haivuji kabla ya sensa.

Hatua ya 7: Moshi na mgandamizo

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi mno. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Mapovu yanayotoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiwaka yanaongeza ushahidi.

Fundi akisema injini imekufa, mwambie apime mgandamizo wa kila silinda mbele yako. Silinda ikiwa chini kuliko wenzake, amwagie oili kidogo kwenye tundu la plagi na apime tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimechoka. Usipopanda, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi. Hapo ndipo mazungumzo ya kununua injini ya mtumba yanaruhusiwa kuanza.

Hatua ya 8: Mrudie muuzaji kabla ya kufungua kitu

Ukifungua injini kwanza, muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu. Mwombe fundi aandike alichokipima, weka tarehe na picha, kisha umpigie muuzaji, ukiwa na mkataba wa mauziano mkononi. Kama ulinunua kwenye yadi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa inayofaa kwa matumizi uliyomweleza, ingawa kasoro ambayo ungeiona wakati wa kukagua inakuwa ngumu kuidai. Malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Kwa mtu binafsi uliyemnunulia mkononi, nguvu yako kubwa ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba.

Hatua ya 9: Sasa nunua

Breki, stelingi, bolijointi na tairi ziende mbele ya vyote. Kisha kinachohusu joto na oili. Stabilaiza linki inayogonga kwenye matuta inaweza kungoja mwisho wa mwezi.

Ukienda Gerezani, Kariakoo, beba spea ya zamani na namba ya chesisi. Oltaneta, stata na kompresa ya AC huwa nachukua za mtumba bila wasiwasi, zikijaribiwa kwanza. Pedi za breki, mikanda, plagi na wota pampu chukua mpya. Kwa kila kinachobadilishwa, omba ukabidhiwe kile kilichotolewa, kisha liendeshe gari katika mazingira yaleyale uliyoandika kwenye daftari, foleni kwa foleni, mlima kwa mlima, kabla hujamalizia malipo ya fundi.