Mvua ikileta maziwa mengi: yapi ya kunywa, yapi ya kugandisha

Mvua za Aprili zikishika, maziwa ya wafugaji wa Limuru na Kinangop hufurika Nairobi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba New KCC, kiwanda chake cha maziwa, iwalipe wafugaji shilingi 50 kwa lita, lakini mchuuzi anayenifikia kibandani Kawangware kwa pikipiki hafungwi na bei kama hiyo. Msimu wa wingi huuza rahisi. Usinunue kwa pupa.

Koroga mkebe hadi chini kabla ya kuchota, maana krimu hupanda juu. Maziwa yakiwa nyuzi 20, laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, isome kati ya 28 na 32. Ikishuka chini ya hapo, shuku maji. Yakiwa bado na joto la ng'ombe kipimo hushuka chenyewe, kwa hiyo yapoze kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Kisha changanya maziwa kidogo na spiriti ya asilimia 70, kiasi sawa kwa sawa. Yakifanya chembechembe, hayatavumilia moto. Wapo wanaosema hayo ndiyo ya mala kwa kuwa yameshaanza kuchachuka. Nakataa kabisa: hujui ni bakteria gani walioanza kazi humo. Yarudi na mwenyewe.

Yaliyopita vipimo hivyo, toa kwanza ya chai. Yapashe nyuzi 63 kwa dakika 30, yapoze haraka, yaingie friji. Maziwa mabichi siuzi, ugonjwa wa brusela upo.

Yatakayobaki ndiyo ya kugandisha. Kiwanda kikizidiwa huyakausha yawe unga. Sisi wenye vibanda tuna mala na yogati, ambazo hukaa siku nyingi zaidi. Ya yogati yapashe nyuzi 85 kwa dakika 30, yapoe hadi 43, tia chachu (bakteria wa kugandishia) asilimia 2 au 3, funika kwa muda wa saa 4 hadi 6. Mala huhitaji chachu yake na nyuzi 22 hadi 25, usiku kucha.

Hasara kubwa hutoka kwa antibayotiki. Ng'ombe akitibiwa ugonjwa wa kiwele, dawa hubaki kwenye maziwa na kuua chachu. Laktomita haiioni, na kuchemsha hakuiondoi. Jaribu kikombe kimoja kabla ya ndoo nzima. Kikikataa kuganda na chachu yako ni nzima, maziwa hayo usiyageuze ya chai, kwa sababu mtoto wa jirani ndiye atakayeinywa hiyo dawa. Mpigie mchuuzi umuulize ni boma gani, na ng'ombe yupi alidungwa sindano wiki hii.