Ndugu yako ameshikwa na bangi mara ya kwanza? Hivi ndio unaomba dhamana (Kenya)

Kwanza enda kituoni uulize namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na kosa lililoandikwa, usiulize tu "amefanya nini". Kupatikana nayo na kulangua ni vitu viwili tofauti kabisa, na hilo neno moja ndio litafanya dhamana iwe rahisi ama ngumu. OCS (mkuu wa kituo) anaweza kumwachilia hapo hapo kwa bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba atafika akiitwa, na hiyo ni bure. Ukiambiwa ulipe pesa taslimu dai risiti, maana hiyo pesa hurudi.

Wakikataa, lazima afikishwe kortini ndani ya masaa 24, ila akishikwa Ijumaa jioni jipange hadi Jumatatu.

Kortini atasomewa mashtaka. Tafadhali asikubali kosa ati ndio aende nyumbani haraka, hapo sasa hakuna dhamana tena ni hukumu. Akishakana, aseme wakili ama yeye mwenyewe: "Mheshimiwa, naomba dhamana yenye masharti nafuu." Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa hiyo haki isipokuwa kuna sababu nzito, na mwenye kuzileta ni upande wa mashtaka. Aeleze anaishi wapi, kazi gani, nani anamtegemea, na kwamba hajawahi kushtakiwa. Mambo ya "walinibambikia" aweke ya kesi yenyewe. Hakimu anaweza kuitisha ripoti ya probesheni, yaani afisa aulize familia kuhusu maisha yake, kwa hivyo wa nyumbani washike simu na waseme ukweli.

Sasa hapa ndio watu hukwama. Bondi ya laki moja si kulipa laki moja, ni mdhamini kuweka mali ya thamani hiyo, mfano logbook ama hati ya shamba, pamoja na kitambulisho, PIN ya KRA na picha za pasipoti. Binamu yangu alilala rumande siku tatu zaidi kwa sababu logbook ya mjomba ilikuwa bado na jina la aliyemuuzia gari, hata tungelia vipi karani hangeipokea.

Kama kiwango kimewashinda, rudi kwa huyo hakimu uombe kipunguzwe, ama uende Mahakama Kuu.

Na ukilipa kashi, hakikisha risiti ina jina lako wewe uliyetoa, kesi ikiisha ndio utaitumia kudai pesa zako.