Nguo za kulalia Mandara zisionje jasho

Kama wewe na wenzako mnapanga kupanda Kilimanjaro wikendi kwa njia ya Marangu na kulala usiku mmoja kwenye mabanda ya Mandara, nawasihi: nguo za kulalia zisivaliwe njiani hata kidogo. Fulana, suruali, sweta na soksi nzito, zifungeni peke yake kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kutoka getini mnapita msituni, kuna unyevu mwingi, na mgongo unalowa jasho chini ya begi. Ukiwa unatembea husikii baridi. Ukishakaa tu bandani, mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ile fulana mbichi inakuganda mgongoni. Nimewahi kulala nayo kwa uvivu. Nilitetemeka hadi alfajiri huku wenzangu wakikoroma. Badilisha ukifika, kabla ya chai, kabla ya picha.

Halafu kabla ya kulala omba maji ya moto jikoni, jaza chupa ya plastiki ngumu au ya chuma isiyo chupa ya chai (ile ya maji ya dukani hujikunja na kuvuja), kaza kifuniko, ivalishe soksi, iweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Simu nayo ilale humo, baridi hula chaji. Asubuhi maji yatakuwa bado na uvuguvugu, mtakunywa mkienda kuitazama kreta ya Maundi kabla ya kushuka.