Popo akipita gizani: namna ya kumjua kwa mlio wake

Usiku unaodhani umetulia, huenda juu ya kichwa chako kuna makelele. Wapo popo ambao mlio wao, ukipimwa karibu na mdomo, huvuka desibeli 120. Hatuwasikii kwa sababu moja tu: sikio la binadamu huishia kwenye kilohezi 20 hivi (mitetemo 20,000 kwa sekunde), tena sikio la kijana, na popo wengi huanzia pale sisi tunapoishia. Kazi yetu ni kuushusha mlio huo hadi usikike, au kuugeuza uwe picha, kisha kuuliza ni wa nani.

Nitakupitisha njia niliyopita mimi, pamoja na mashimo niliyotumbukia. Ila ujue mapema kwamba hutawapata popo wote. Wale wakubwa wala matunda, wenye sura ya mbweha, karibu wote hutegemea macho na pua, hawatumii mwangwi, yaani hawalii ili wasikilize sauti ikirudi kutoka kwenye vitu na kuwaonyesha njia. Walio katika jenasi ya Rousettus ndio hupiga vidoko kwa ulimi.

Hatua ya 1: Zoeza jicho maumbo matatu

Mlio wa popo huchorwa kwenye spektrogramu: muda unakwenda kulia, frikwensi (wingi wa mitetemo kwa sekunde) inapanda juu, na rangi inaonyesha nguvu ya sauti. Ukiyashika maumbo matatu, nusu ya safari umeimaliza.

La kwanza ni mteremko. Mstari unaporomoka kutoka juu hadi chini kwa milisekunde chache tu. Popo wa jenasi ya Myotis hulia hivi. Mlio wa aina hii humpa umbali wa kitu kwa usahihi mkubwa, ndiyo maana unawafaa wanaopita katikati ya majani.

La pili ni herufi L. Mstari unaporomoka, kisha unalala. Pipistrellus ni mfano mzuri. Mkia uliolala ndio unaobeba nguvu nyingi, na ndio utakaoupima.

La tatu mimi huliita kigoda: ubao bapa juu, mguu mfupi kila upande. Hao ni Rhinolophus. Ndugu zao wa Hipposideros wana kigoda kifupi zaidi, chenye mguu wa kulia peke yake. Mlio wa frikwensi moja humsaidia popo kuhisi mpapatiko wa mabawa ya nondo.

Hatua ya 2: Anza na kifaa cha heterodini, hata kama unacho cha kisasa

Hapa wengi hunibishia. Kwa nini nisikilize kwa kifaa cha zamani wakati kinasa kitarekodi kila kitu? Kwa sababu masikio hujifunza mdundo, na picha haikufundishi mdundo.

Kifaa cha heterodini kina kirungu cha kuchagua frikwensi. Ukiweka kilohezi 45 na popo akalia 47, wewe unasikia tofauti yake, yaani kilohezi 2. Kwa hiyo popo akipita, zungusha kirungu polepole hadi mlio uwe mzito kabisa, kama tone kubwa la maji likianguka ndani ya ndoo. Hapo ndipo ulipo ule mkia uliolala wa L. Popo wa mteremko hana mahali hapo: kokote utakakozungusha utasikia tik-tik-tik kavu, kama njiti zinazovunjwa. Wa kigoda hutoa mluzi unaotetemeka, na ukisogeza kirungu kidogo tu anapotea.

Usiudharau usikilizaji huu. Ulaya kulikuwa na popo mdogo aliyehesabiwa kuwa spishi moja hadi miaka ya 1990. Waliosikiliza waligundua kwamba wengine hulia karibu na kilohezi 45 na wengine karibu na 55. Leo ni spishi mbili, Pipistrellus pipistrellus na Pipistrellus pygmaeus.

Hatua ya 3: Toka nje

Kabla ya kuondoka, tikisa funguo mbele ya maikrofoni. Funguo zikigongana hutoa sauti za juu tusizozisikia, na kifaa kizima kitazipokea kwa kelele nyingi. Kisipopokea, angalia betri. Kipimo hiki kimeniokoa mara nyingi. Baada ya hapo funguo zikae mbali, na koti la nailoni libaki nyumbani, maana kila unapoinua mkono litalia kama kundi la popo.

Fika jua linapozama na ukae angalau saa mbili. Chagua ukingo: pale msitu unapokutana na uwanja, kando ya maji, au njia yenye miti pande zote. Usiku wa mvua au wa upepo mkali uache. Andika muda, hali ya hewa, na ulichokiona kwa macho: ukubwa wa popo, kimo alichoruka, kama alikwenda moja kwa moja au alizunguka. Maelezo hayo mara nyingi huamua kesi ambayo mlio peke yake umeshindwa kuiamua.

Pango au dari wanamolala popo usiingie, na popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu. Wapo wanaobeba virusi vya kichaa cha mbwa na jamii yake. Tena nchi nyingi zina sheria za kuwalinda.

Hatua ya 4: Weka kinasa

Sasa chukua kinasa kinachorekodi wigo wote wa sauti. AudioMoth ni kidogo, wengi tunakitumia. Namba ya kuielewa ni kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kinasa hupima sauti: kinasa hushika frikwensi hadi nusu ya kasi hiyo, basi. Ukiweka kilohezi 256, mwisho wako ni kilohezi 128. Ukiweka 384, mwisho ni 192. Kwa popo wengi hiyo inatosha, ila Cloeotis percivali wa Afrika hulia juu ya kilohezi 200, na kwa kifaa hicho utasema hayupo ilhali amepita mbele yako.

Kifunge juu ya mti mwembamba au nguzo, mita 2 au 3 kutoka ardhini, mbali na ukuta na majani yanayopepea. Ukuta hurudisha mwangwi na kila mlio utaonekana una kivuli chake.

Hatua ya 5: Soma rekodi

Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, chagua mwonekano wa spektrogramu, na upandishe kikomo cha juu cha frikwensi, la sivyo utaona sehemu ya chini tu na kudhani hakuna kitu. Ukubwa wa dirisha uweke 512. Ukiweka mkubwa zaidi, frikwensi inakuwa wazi lakini muda unatanda kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Tuchukue mfano. Faili lina milio 14. Mitatu ya mwanzo imefifia, popo yuko mbali, iache. Minne ya mwisho imebanana, kila mmoja mfupi kuliko uliotangulia, hadi inakuwa mtutumo: hapo popo anakamata mdudu. Ni habari njema, kwani umethibitisha kwamba eneo lile ni la kulia chakula, lakini kwa utambuzi haifai. Inabaki saba ya katikati. Pima frikwensi yenye nguvu zaidi, frikwensi ya mwisho, urefu wa mlio, na nafasi kati ya mlio na mlio. Tuseme umepata kilohezi 46, kilohezi 45, milisekunde 6, na nafasi ya milisekunde 90.

Ukiwa Ulaya, huyo yaelekea ni Pipistrellus pipistrellus. Ukiwa kwingine, namba hizohizo zaweza kuwa za popo mwingine kabisa. Kwa hiyo tafuta kwanza orodha ya spishi za eneo lako, na rekodi za kulinganishia zilizochukuliwa kwa popo waliotambuliwa mkononi na wataalamu wenye kibali.

Sasa mitego, na hapa ndipo penye kazi.

Mkubwa kuliko yote ni mazingira. Popo yuleyule akiwa uwanjani hulia mlio mrefu, uliolala, wa chini. Akiingia kati ya matawi mlio unakuwa mfupi, unasimama wima na kupanda. L inageuka mteremko, na mtu mgeni anaandika Myotis. Ndiyo maana ule mstari wa daftari usemao "alizunguka juu ya uwanja" una thamani kubwa.

Wa pili ni umbali. Hewa hula frikwensi za juu kwanza, kwa hiyo popo wa mbali anaonekana kuanzia chini kuliko alivyoanza kweli. Usiuamini mwanzo wa mlio uliofifia.

Wa tatu ni nyenje na senene. Nao hulia juu, lakini hulia mfululizo mahali pamoja kwa nguvu ileile. Popo huja na kwenda: sauti inakua, inafika kilele, inapungua.

Wa nne ulinivua nguo. Mwezi wangu wa kwanza nilijaza daftari Rhinolophus, kila usiku, mstari mnyoofu karibu na kilohezi 60. Nilishaanza kuwasimulia watu. Kisha nikafungua faili la dakika nzima na kuona mstari haukukatika hata mara moja. Popo gani hapumui? Kumbe ilikuwa taa ya LED ukutani.

Hatua ya 6: Ruhusu jibu la "Myotis tu"

Programu za kutambua popo zitakupa jina kwa kila faili, na asilimia ya uhakika pembeni. Zitumie kupanga mafaili, usizitumie kuhukumu. Jina la spishi adimu lisiingie kwenye orodha kabla hujaufungua mlio wenyewe. Myotis nyingi haziachani kwa mlio, na kuandika jenasi pekee si kushindwa.

Ukihesabu, hesabu mapito, usihesabu popo. Popo mmoja akizunguka nguzo yako mara 40 ni mapito 40. Tena usilinganishe spishi kwa spishi: Nyctalus noctula, anayelia karibu na kilohezi 20, unaweza kumnasa akiwa makumi ya mita, wakati Rhinolophus hipposideros mwenye 110 hufifia ndani ya mita chache. Linganisha spishi ileile, kinasa kilekile, mahali palepale, usiku kwa usiku.

Mafaili ghafi usiyafute hata baada ya kuyapa majina. Yape tarehe, mahali na kasi ya sampuli, uyahifadhi sehemu mbili. Baada ya mwaka utayafungua tena, na nakuhakikishia baadhi ya majina utayabadilisha.