Namna ya Kuonja Asili ya Kahawa Ukiwa Lamu

Mtu aliyekulia Lamu huijua kahawa kwa uchungu wake. Humiminwa kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa, ikanywewa kwa kikombe kisicho na mkono baada ya sala ya magharibi, na tangawizi ndiyo inayosikika kabla ya kitu kingine chochote. Mtu huyo akiambiwa kwamba buni za Nyeri zina ladha ya zambarau, hudhani anataniwa, na ana haki ya kudhani hivyo, kwa sababu namna tunavyokaanga na kupika kahawa hapa pwani hufuta karibu kila alama ya shamba ilikotoka. Maelezo haya ni ya yule anayetaka kuzisikia alama hizo kwa ulimi wake mwenyewe, kwa vyombo vilivyomo jikoni mwake, na kuelewa zinatoka wapi.

Anza kwa kutafuta buni mbichi za aina tatu, robo kilo kila moja, wala usinunue kahawa iliyokwisha kusagwa. Ya kwanza iwe arabika, yaani jamii ya kahawa ya milimani, iliyooshwa (punje zilimenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa), kutoka Nyeri au Kirinyaga. Ya pili iwe arabika iliyokaushwa pamoja na tunda lake, kama ile ya Harar nchini Ethiopia. Kenya pia ipo ya namna hiyo, ambayo wafanyabiashara huiita mbuni, ila mara nyingi hutokana na matunda yaliyobaki mwishoni mwa msimu, kwa hiyo haifai kuwa kipimo cha njia nzima. Ya tatu iwe robusta, jamii nyingine ya kahawa, ya Bukoba nchini Tanzania au ya Uganda. Muulize muuzaji mambo matatu: shamba liko urefu gani kutoka usawa wa bahari, mti ni wa mbegu gani, na tunda lilishughulikiwaje baada ya kuchumwa. Asiyeweza kujibu hata moja anakuuzia rangi tu.

Mzigo ukishavushwa kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, utie katika chupa yenye kifuniko kinachobana. Buni iliyokauka vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na hewa yetu ya bahari haina subira nayo. Wahindi wa pwani ya Malabar wameigeuza kasoro hiyo kuwa biashara: wakati wa kusi hutandaza buni ghalani kwa wiki kadhaa, upepo wenye mvua ukazivimbisha na kuzipausha, na uchachu wake karibu wote ukaondoka. Kahawa hiyo ina wapenzi wake, lakini sisi hapa tunatafuta ladha ya shamba, si ya upepo.

Kabla ya kuwasha jiko, mwaga punje chache za kila aina juu ya kitambaa cheupe. Punje ya arabika ni ndefu kidogo na mfereji wake wa katikati umepinda, ilhali ya robusta ni ya mviringo na mfereji wake umenyooka. Zinuse pia. Iliyooshwa hunuka kama majani mabichi, na iliyokaushwa na tunda lake hunuka kama tende iliyokaa sana mfukoni.

Kukaanga ndiko kunakowashinda wengi, na si kwa ugumu wake bali kwa mazoea. Tia gramu 100 katika kikaangio kizito juu ya makaa ya wastani, ukoroge bila kupumzika kwa mwiko wa mti. Buni zitakuwa manjano, zitanukia mkate, kisha baada ya dakika 8 hadi 10 hivi zitaanza kulia kama bisi. Mlio huo wa kwanza ukishachanganya, hesabu dakika moja tu, uzimwage juu ya ungo na kuzipepeta, zipoe upesi na maganda yake membamba yapeperuke. Rangi iwe ya mdalasini uliokoza. Ukingoja mlio wa pili, ambao ni mwembamba zaidi, kama wa majani makavu yanayokanyagwa, mafuta yatatoka juu ya punje, na hapo kahawa ya Nyeri na ya kwingine popote zitaanza kufanana, kwa kuwa sehemu kubwa ya tindikali na sukari ulizokuwa ukizitafuta zimekwisha kuungua. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nyumbani, shangazi yangu aliutazama ungo, akachukua punje moja, akaitafuna na kuitema. “Kahawa hini ingali mbichi, mwanangu,” akasema. Kwa dele lake alikuwa sahihi kabisa. Kwa kazi niliyokuwa naitaka, ilikuwa imeiva.

Zipumzishe siku moja au mbili ili hewa iliyozaliwa motoni itoke, halafu zitwange au kuzisaga ziwe chembechembe mithili ya chumvi ya mawe iliyopondwa, si unga laini wa kahawa chungu.

Suala la maji halina budi kutiliwa maanani, maana karibu kikombe kizima ni maji. Maji ya visima vya mji wetu yana chumvi na chokaa, na chokaa huua uchachu wa kahawa kama jivu linavyoua ukali wa ukwaju. Tumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri, au ya chupa yasiyo na madini mengi. Kwa kila aina pima gramu 8 kwa mililita 150 za maji. Mizani ya sonara ingefaa sana, na asiye na sonara jirani atumie kijiko cha mezani kilichojaa kiasi, mradi kiwe kilekile kwa vikombe vyote. Maji yakichemka, yaache dakika moja, uyamimine, usikoroge. Baada ya dakika 4 vunja utando wa juu kwa kijiko huku pua iko karibu, kwani harufu yote huja kwa mkupuo mmoja hapo. Ondoa povu, ngoja kahawa iwe vuguvugu, kisha ivute kwa kijiko kwa kelele, bila haya, ili isambae ulimi wote. Rudia ikiwa imepoa kabisa. Moto huficha mengi, na kikombe kilichopoa husema zaidi.

Utakachokisikia kwanza katika Nyeri ni uchachu: wa balungi mwanzoni, wa zambarau kadiri kikombe kinavyopoa. Sehemu yake moja hutokana na urefu wa milima. Mashamba ya huko, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, mengi yako kati ya mita 1,500 na 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni wa baridi, na baridi hulifanya tunda liive polepole, kwa miezi kama 8 au 9 tangu ua kufunguka. Punje huwa ngumu na hujikusanyia sukari na tindikali nyingi. Ndiyo sababu arabika haiwezi kustawi Lamu, ambako hata usiku joto halitulii. Hata hivyo misitu ya pwani ya Kenya ina jamaa yake wa mwituni, Coffea pseudozanguebariae, ambao buni zake hazina kafeini kabisa, na ni chungu mno.

Sehemu ya pili ni mbegu. Miti mingi ya zamani ya Nyeri ni SL28 na SL34, aina zilizochaguliwa katika maabara ya kilimo ya Scott (Scott Laboratories, ndiyo SL) huko Kabete miaka ya 1930; SL28 ilitokana na mti mmoja wa jamii iliyotoka Tanganyika, uliopendwa kwa kuvumilia ukame. Ladha yake kali ya matunda ilikuja kujulikana duniani baadaye.

Sehemu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu hupewa heshima ndogo kuliko inavyostahili, ni mikono ya watu. Katika viwanda vya vyama vya ushirika, matunda mekundu humenywa siku yaliyochumwa, punje zikaachwa zichachuke hadi ute ulegee, zikaoshwa, mara nyingi zikalowekwa tena katika maji safi, kisha zikaanikwa kwenye meza za wavu na kugeuzwageuzwa kwa siku nyingi. Usafi huo ndio unaoiacha tindikali isikike peke yake. Sasa onja ya Harar. Nayo ni arabika ya milimani, lakini tunda lilikauka likiwa limeikumbatia punje, na utamu wake ukabaki: utasikia matunda yaliyokaushwa, kama zabibu kavu, na mnuko wa mbali wa mvinyo, huku uchachu ukiwa umerudi nyuma.

Watu hupenda kuutaja udongo kwanza. Udongo mwekundu wa volkano wa Nyeri ni mzuri kweli, unapitisha maji na una kina, lakini kazi yake ni kuulisha mti, si kutia ladha yake katika kikombe. Peleka mbegu duni kwenye udongo huo, au uache matunda yaoze kwenye gunia usiku mmoja, na mlima hautakuokoa.

Robusta ya Bukoba iache iwe ya mwisho, kwani itaufunika ulimi. Ni nzito, ina harufu ya njugu zilizokaangwa na ya gome la mti, uchachu wake ni haba, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Wahaya, wenyeji wa Bukoba, hawakungoja dele kuijua: buni zao hutafunwa zikiwa zimechemshwa na kukaushwa, na hupewa mgeni kama sisi tunavyotoa halua.

Ukishazitambua zote tatu huku umefumba macho, kaanga sehemu iliyobaki mpaka iwe nyeusi, itwange laini, uipike kwenye dele pamoja na tangawizi kama kawaida. Robusta itasimama imara. Harar itabakiza harufu kidogo juu ya kikombe. Nyeri itapotea karibu yote, na kwa bei yake hiyo ni hasara. Kwa dele changanya robusta na arabika ya bei nafuu, na ile ya Nyeri uiweke kwenye chupa yake, uikaange kidogokidogo, uimalize ndani ya wiki mbili baada ya kuikaanga. Shangazi yangu siku hizi huniomba ile “mbichi” wakati wa kashata ya nazi, ila husisitiza ipoe kwanza.